Tumbo Likikataa Maziwa

Katika nyumba nyingi za Nkoaranga na Poli, kwenye miteremko ya Mlima Meru, ng'ombe wamefungwa nyuma ya migomba na chai ya mgeni haiji bila maziwa. Kuikataa ni kumvunjia heshima aliyeichemsha. Basi wapo wanaoinywa hadi tone la mwisho, kisha njia nzima ya kurudi mjini tumbo limewajaa gesi na linanguruma, choo nacho kiko mbali.

Hawajalogwa, wala si watu wa madeko. Maziwa yana sukari iitwayo laktosi, na utumbo mwembamba huivunja kwa kimeng'enya kinachoitwa laktesi. Mtoto mchanga anacho tele. Kwa takriban theluthi mbili ya watu duniani hupungua baada ya utoto, na sukari isiyovunjwa huishia kwa bakteria wa utumbo mpana, ambao huichachusha.

Mwaka 2007 mtafiti Sarah Tishkoff na wenzake, akiwemo Thomas Nyambo wa Muhimbili, walichapisha matokeo ya kupima watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Waligundua kuwa baadhi ya jamii za wafugaji wa Afrika Mashariki zina badiliko lao la jeni, tofauti na lile la Ulaya, linalomwezesha mtu mzima kuendelea kunywa maziwa. Kwa hiyo Arusha, mji wa watu wa kila kabila, majirani wawili wanaweza kunywa birika moja na mmoja tu akaumwa. Wiki ya Maziwa inapofika kila mwaka kuelekea 1 Juni, kina mama na walimu waambiwe hilo waziwazi, pamoja na faida za maziwa.

Waambiwe pia kwamba maziwa ya mbuzi, ambayo wengi hushauriana kuyakimbilia, yana laktosi karibu sawa na ya ng'ombe.

Nafuu ya kwanza wazee walikuwa nayo: kibuyu. Maziwa yakigandia ndani ya kibuyu kilichofukizwa kwa kijinga cha mzeituni mwitu, bakteria hula sehemu ya laktosi, na wengi wasioweza maziwa mabichi huvumilia mtindi kiasi, au sahani ya loshoro, chakula cha mahindi na mtindi. Anayeshindwa hata huo aende sokoni Tengeru au Kilombero kabla ya kutafuta maboksi ya maziwa ya lozi yaliyovuka bahari. Soya ikilowekwa usiku kucha, ikamenywa, ikasagwa, ikachujwa na kuchemshwa vizuri (mbichi husumbua tumbo), hutoa maziwa yenye protini inayokaribia ya ng'ombe. Tui la nazi ni tamu kwenye uji, ila protini na kalisi yake ni kidogo. Asitegemee hilo peke yake.

Kalisi itoke kwingine. Gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300, wakati kiasi hichohicho cha maziwa kina kama 120, ingawa mwili huipata vizuri zaidi ulezi ukichipushwa au uji ukichachushwa kwanza. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wanaongeza.

Jambo moja lisichezewe: mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe maziwa ya soya ya nyumbani wala tui badala ya maziwa ya mama. Akiharisha au kutokwa na vipele baada ya kupewa maziwa ya ng'ombe, huenda ni mzio, ambao ni tatizo jingine kabisa, na apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.