Tuwasomeshe Wataalamu wa Anga na Bahari

Mwezi wa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoukaribia mwambao wetu na kuipiga Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari mapema, na safari za boti baina ya Dar es Salaam na Unguja zikasitishwa. Kukwama bandarini ni adha. Lakini mwananchi anayekumbuka Spice Islander ya Septemba 2011 na Skagit ya Julai 2012 hawezi kuiita hasara, ingawa ile ya kwanza iliangamia kwa kujazwa kupita kiasi na wala si kwa upepo.

Ni kweli kwamba vimbunga ni adimu karibu na Ikweta. Hata hivyo, kile cha 1872 kiliing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na kingine kiliipiga Lindi mwaka 1952. Basi jambo tunalotaka kuwakumbusha wahusika ni hili: utabiri wa bahari nzima ya Hindi hautoshelezi mahitaji ya nahodha wa Mkokotoni au wa Wete. Mkondo baina ya Unguja na Bara una maji machache. Ule wa Pemba ni kilindi. Mkondo wa maji wa pwani yetu huelekea kaskazini, na upepo wa kaskazi unapokabiliana nao mawimbi husimama. Wazee wetu wanayajua haya kwa uzoefu. Kuyageuza yawe hesabu inayoweza kutangazwa redioni siku mbili kabla ni kazi ya mtu aliyesoma hadi shahada ya uzamili au uzamivu, na aliyesoma anga na bahari kwa pamoja, kwani joto la maji ndilo linalozaa mvua.

Ushahidi tunao. Ile tabia ya bahari ya Hindi kupata joto zaidi upande wetu kuliko upande wa Indonesia, ambayo ilituletea mafuriko ya vuli mwaka 1997, 2019 na 2023, ilielezwa kitaalamu mwaka 1999 na watafiti waliokuwa wakifanya kazi Japani. Hatuwabezi hata kidogo, tunawashukuru. Lakini mvua ilikuwa yetu.

Wala hatuanzi na mikono mitupu. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo hapa Unguja tangu 1978. Kipimo cha maji kujaa na kupwa kilichopo bandarini kina kumbukumbu za tangu 1984, hazina ya kumtosha mwanafunzi kwa miaka kadhaa. Akina mama wa Paje, ambao mwani wao hufa maji yakizidi joto, wana maswali yanayostahili tasnifu.

Kwa maoni yetu, udhaifu hauko katika kupeleka vijana masomoni tu, bali katika kuwapokea. Kijana akirudi na shahada yake akakabidhiwa mafaili ya likizo, nchi imempoteza sawasawa na aliyebaki ng'ambo. Mwaka wa fedha huanza Julai. Tunazitaka wizara zinazohusika, za Zanzibar na za Muungano, zionyeshe katika makadirio yao ni vijana wangapi wa visiwani watakaosomeshwa elimu hii, na ni kazi gani, vipimo gani na chombo gani cha baharini vinavyowangojea.