Walezi wa Mbegu ya Kiume

Nyumba inapopita mwaka wa pili na wa tatu bila kilio cha mtoto, macho ya jamaa wote humwelekea mke. Mawifi hunong'ona, mama mkwe huuliza, na hatimaye neno "tasa" hutamkwa hadharani. Mume hasemwi, kwa kuwa ana ndevu zake na nguvu zake. Leo twataka kueleza kwa nini hukumu hiyo si ya haki. Na ili tuieleze vema, hatuna budi kutazama ndani ya korodani.

Kila korodani ina virija vyembamba mno vilivyojikunja, na humo ndimo mbegu za kiume zinamokua. Ukuta wa virija hivyo una chembe hai za aina mbili. Za kwanza ni zile zizaazo mbegu. Za pili ni ndefu, zimesimama tangu msingi wa ukuta hadi kwenye uwazi wa katikati, nazo zimezikumbatia mbegu changa pande zote. Hizi huitwa chembe za Sertoli, kwa jina la Mwitalia Enrico Sertoli, aliyezieleza mwaka 1865 angali kijana. Tukiziita walezi hatutakuwa tumekosea.

Safari ya mbegu hadi kukamilika huchukua zaidi ya miezi miwili, na muda wote huo mlezi hupitisha chakula chake, humeza mabaki yake, kisha huiachilia wakati wake ukiwadia. Isitoshe, walezi hao hushikana ubavu kwa ubavu wakafanya boma. Boma hilo lina sababu. Mbegu huanza kuonekana wakati wa kubalehe, na askari wa mwili, ambao walikwisha kujifunza kuwatambua wenyeji tangu zamani, wangezidhani kuwa ni adui na kuzishambulia.

Walezi hupokea amri kutoka tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Lakini homoni iletayo ndevu, sauti nzito na hamu ya unyumba hutengenezwa na chembe nyingine, zilizo nje ya virija. Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mwanamume aweza kuwa na dalili zote za urijali, kumbe manii yake hayana mbegu hata moja. Wapo ambao virija vyao vina walezi watupu, wasio na cha kulea. Mtu huyo hakufanya kosa lolote. Lakini mkewe naye hakukosa.

Jambo jingine ni hili: idadi ya walezi hupatikana zaidi tangu tumboni mwa mama hadi kubalehe. Baada ya hapo kwa kawaida hawaongezeki, na kila mmoja ana kiasi cha mbegu awezacho kulea. Kwa hiyo uzazi wa baba wa kesho hutunzwa katika mtoto wa leo. Mama, unapomwogesha mwanao wa kiume, tazama kama korodani zote mbili zimeshuka. Akifikisha miezi sita na moja haijashuka, mpeleke hospitali. Ikibidi apasuliwe, ni vema iwe kabla hajatimiza mwaka mmoja na nusu. Kijana aliyebalehe akiugua matubwitubwi kisha korodani zikavimba, asifiche kwa haya. Nao vijana wajidungao homoni ya kiume ili watunishe misuli wajue kwamba ubongo, ukiiona homoni imejaa mwilini, huacha kutoa amri, na mbegu hupungua au hutoweka.

Mume na mke wakikaa mwaka mzima pamoja bila kuzuia uzazi, na mimba isishike, waende hospitali wote wawili. Mke aliyepita miaka 35 asingoje zaidi ya miezi sita. Kupima manii ni kipimo chepesi kuliko vingi anavyofanyiwa mwanamke, nacho kingestahili kuwa miongoni mwa vya kwanza.

Wahenga walinena kwamba kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Mume anayekubali kupimwa ameanza kazi hiyo kabla ya mimba yenyewe, na amemwondolea mwenzake mzigo usio wake.