Biharusi Asafiri na Laini Yake



Somo akimfunda mwari humpa mengi: singo, udi, namna ya kukaa na mawifi, namna ya kumpokea mume akirudi amechoka. Mimi ningependa siku hizi aongeze moja. Mwanangu, ukisafiri na mumeo nje ya nchi, uwe na laini yako mwenyewe, isajiliwe kwa pasipoti yako, na mama yako awe na namba yake.

Najua wapo watakaosema natia fitina kwenye ndoa changa. Nisubirini kidogo.

Fungate la zamani lilikuwa siku saba ndani ya nyumba, somo akiingia na kutoka, na mama akipata khabari za mwanawe bila ya kumsumbua mtu. Sasa fungate liko Dubai. Au biharusi anachukuliwa Muscat kwa wakwe, harusi haijatimiza mwezi. Au ndoa inafungwa Shaabani, na Ramadhani wako Makka kwa umra pamoja na mama mkwe na mawifi wawili. Somo hayumo safarini. Ile njia ya khabari imebaki kwenye simu peke yake.

Na simu yenyewe huwa hivi: wakifika Jeddah, mume anatoa pasipoti, anaweka alama za vidole, ananunua laini moja. Wanawake wanaambiwa, "Nyinyi nitakurushieni intaneti kutoka kwangu." Hotelini hapana tatizo. Lakini msikitini wanaume wanaswali upande wao, chaji inakwisha, watu ni bahari. Mama mkwe ana sukari, miguu inavimba, anapotezana na wenzake kwenye mataafu. Hapo biharusi ameshika simu nzuri ya mahari ambayo haipigi wala haipigiki. Mume hakukusudia ubaya, alibana matumizi tu. Mimi naona bora kupunguza manukato ya zawadi kuliko kupunguza laini.

Na tusisahau Mina, tarehe 24 Septemba 2015. Mkanyagano ule ulichukua roho za mahujaji wengi, Watanzania wakiwemo. Jamaa waliobaki nyumbani walikaa wakingoja khabari. Simu haizuii ajali, kadari ni ya Mwenyezi Mungu, lakini inamwondoshea mzazi adhabu ya kutojua.

Oman na Imarati kuna jambo jengine ambalo biharusi wengi hulijua wameshafika. Huko kwa miaka mingi kupiga simu kwa WhatsApp kumezuiwa. Maandishi yanapita, ujumbe wa sauti unapita, lakini kupigiana haishiki. Mama yuko Unguja anapiga mara tatu, haishiki, anaanza kuwaza: mkwe amemkataza, mwanangu anaumwa, mwanangu ameshanisahau. Mwambieni kabla ya safari. Mwambieni pia namba ikianza na 968 ni Oman, 966 ni Saudia, 971 ni Imarati, aipokee asidhani ni matapeli. Na Muscat wako mbele yetu saa moja. Ukipiga saa nne za usiku baada ya kazi za nyumba, wao ni saa tano na wameshalala. Saudia saa ni moja na yetu.

Wazee wetu walitenganishwa na bahari bila ya haya yote. Waya wa telegrafu kutoka Aden ulifika Zanzibar mwaka 1879, na jengo la Extelecoms pale Shangani leo ni hoteli ya Serena. Baada ya 1964 familia nyingi ziligawika, nusu Unguja, nusu Oman, na udugu ukaungwa kwa barua na salamu za wasafiri. Hawakuwa na njia nyengine. Sisi tunayo, kwa bei ya bando.

Sasa upande wa pili, maana mama zetu nao wana yao. Biharusi si mtoto wa skuli. Kupigiwa mara sita kwa siku, kuulizwa umekula nini na wifi amesema nini, huko si kuunga udugu, ni kuwamo chumbani kwa watu. Pangeni wakati mmoja, baada ya Alasiri kwa mfano, na ujumbe mfupi usiku: tuko salama. Na wewe uliye mbele ya Kaaba, huna haja ya kurusha tawafu yako moja kwa moja kwa watu mia tatu. Kupatikana na mama ni jambo moja, kuonekana na mji mzima ni jengine.

Kuna lililo zito zaidi. Wako wanaume ambao simu moja si kubana matumizi, ni kufuli. Kila salamu ipitie kwake, kila jibu liandikwe yeye akiwepo. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Tanzania wanaofanya kazi za nyumbani Oman na Imarati, na humo tulisoma habari za pasipoti kunyang'anywa na watu kukatwa na jamaa zao. Tulisikitika sote. Basi tusilione ni jambo dogo likifanywa na mume, kwa kuwa yeye kaoa. Wazee wanaokaa kwenye posa wanauliza mahari, wanauliza nyumba, wanauliza kazi. Waulize na hili, kwa adabu: mtoto wetu akiwa huko, tutampata vipi? Mwenye nia njema atajibu bila ya kukunja uso, na pengine atafurahi kuulizwa.

Laini yako ya nyumbani usiitupe. Iwache kwenye nafasi ya pili ya simu, maana WhatsApp inaendelea kwa namba ile ile, na namba ikikaa muda mrefu bila kutumika inaweza kufungwa na kupewa mtu mwengine. Namba ya mumeo, ya hoteli na ya kiongozi wa msafara ziandike kwa kalamu kwenye karatasi, ziingie kwenye pochi, na karatasi nyengine apewe mama mkwe, hata kama hajui kusoma, atampa askari asome. Halafu kabla ya kuingia msikitini kubalianeni mlango mmoja, wenye namba, wa kukutana simu zote zikizima. Wa Mfalme Abdulaziz ni namba 1, na hata bibi hausahau.