Siku nane, kilomita 227: shida iko wapi?

Wasee, nimesoma komenti zenu. Ati kilomita 227 kwa siku nane si kuendesha baiskeli, ni matembezi. Ati hata mtu wa mkokoteni angetupita. Sawa. Wacha tuongee.

Njia yenyewe ni Congo Nile Trail huko Rwanda, kutoka Rubavu hadi Rusizi, kando ya Ziwa Kivu. Ukisikia "kando ya ziwa" usidhani ni tambarare. Hiyo nchi inaitwa ya vilima elfu, na haikupewa jina bure. Unashuka karibu na maji, unapanda tena, unashuka tena, na baiskeli imebeba hema, nguo na sufuria. Tulikuwa sita. Mwendo wetu ulikuwa mmoja tu: wa yule wa mwisho.

Najua hapo ndipo panawauma. Huku Nairobi, Jumapili tukitoka na baiskeli, tumezoea ile ya "tutakungoja juu ya mlima." Na kweli mnangoja. Mnakunywa maji, mnapiga selfi. Mtu anafika juu pumzi imekata, na dakika hiyo hiyo mnaondoka. Yaani aliyechoka zaidi ndiye peke yake hapumziki! Halafu mnashangaa mbona wapya wanakuja mara moja tu na hawarudi.

Mnapenda spidi? Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yalifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika. Tadej Pogačar alishinda mbio za wanaume, kilomita 267.5 kwa siku moja. Heshima zake. Lakini yeye alifungiwa barabara, na gari la timu lilikuwa nyuma. Alienda kazini. Wewe umejichanga nauli miezi mingapi, uende Rwanda kuangalia tairi ya aliye mbele yako?

Sisi tulisimama. Tuliona wavuvi wakitoka jioni, mitumbwi mitatu imeunganishwa pamoja, wakienda kuvua sambaza usiku. Hizo sambaza tulizikula zimekaangwa, tukiwa hatuna haraka ya kwenda popote. Kwenye mlima mmoja mama mwenye jembe alitupigia kelele, "Buhoro buhoro!" Ni Kinyarwanda, polepole. Hakutucheka. Anaujua mlima wake.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo hii lugha ya "umechelewa" naijua sana. Wanaoitumia hawaulizi umeona nini wala uko na nani. Wanauliza tu umefika saa ngapi.

Mkenya anaingia Rwanda na kitambulisho tu, hata pasipoti si lazima. Huko mnaendesha upande wa kulia, msisahau. Nendeni. Ila yule mwenye mwendo mdogo zaidi mwekeni mbele, na asipitwe na mtu. Kama hiyo inakushinda, basi shida si miguu yake, buda. Ni wewe.