Mazungumzo ya Jamaa: Deni la Picha

Dominika ya juzi, tulipotoka Misa ya pili, mama mmoja alikuwa akitungoja kando ya mlango wa kanisa. Hakutusalimu kwa haraka, kama wafanyavyo watu wakati ule wa njaa ya mchana. Alishika mkono wetu kwa mikono yake miwili, akauliza habari za nyumbani, habari za watoto, habari za masomo, kisha akasema kwa sauti ya chini: «Mwalimu, ile foto mliyompiga mtoto wangu siku ya ngoma, mliiweka wapi?»

Twaona haya kuandika jibu letu. Tulisema: «Mama, nitaileta.» Neno lilo hilo tulikuwa tumekwisha kumwambia mwezi wa pili wa mwaka 2020, tukalirudia njiani, tukalirudia sokoni, kila mara tukicheka kidogo kama mtu aliyesahau mwavuli. Wahenga walisema ahadi ni deni. Nasi tulikaa na deni hilo zaidi ya miaka mitano, na kwa sababu hapakuwa na franka ndani yake, hatukuliona kuwa deni.

Lakini mtoto yule hayupo tena duniani. Malaria ilimchukua mwaka 2023, kwa siku nne. Na nyumba ya mama huyo ilikuwa Buhene. Wasomaji wa Goma hawahitaji maelezo: tarehe 22 Mei 2021, usiku, mlima Nyiragongo ulipasuka, na mawe ya moto yakashuka mpaka Buhene, yakasimama karibu na kiwanja cha ndege. Mama alitoka na watoto, sufuria moja na karatasi za shule. Albamu ilibaki ukutani, ndani ya mfuko uliotundikwa msumarini. Wengine wa mji huu walikuwa wamekwisha kupoteza za kwao tarehe 17 Januari 2002, moto ulipopita katikati ya mji na kula hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Na wengine wamepoteza simu na kila kilichokuwamo mwezi wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini. Basi jamaa nyingi za hapa hazina sura ya babu, wala ya arusi, wala ya mtoto aliyekwenda.

Wasomaji wanatujua: sisi si fundi wa picha. Twafundisha darasa la sita. Kamera yetu tuliinunua kwa mtu aliyekwisha kuitumia, mwaka ule alipozaliwa mtoto wetu wa kwanza, tukidhani tutapiga ubatizo, kisha tutaifunga sandukuni. Haikufungwa. Tumepiga watoto wakioga katika beseni, sambaza zikikaushwa juu ya mkeka, chukudu imepakiwa makaa mpaka mwenyewe haonekani nyuma yake, jirani akisukwa nywele kizingitini. Siku za likizo tunakwenda nayo ziwani. Siku za sikukuu tunakwenda nayo penye ngoma. Mama wa watoto wetu hulalamika kwamba katika picha zote za nyumba yeye ni mkono unaotoa sahani. Tulipohesabu za mwaka mmoja, tuliona kwamba hakusema uongo. Anayepika sombe hasimami mbele ya kamera, na sisi hatukumwita.

Wako wanaofikiri kwamba kupiga picha kwa mapenzi tu, bila malipo, ni mchezo wa watu wenye nafasi. Wamtazame Jean Depara. Alizaliwa Angola mwaka 1928, akafa mwaka 1997, naye ndiye aliyetuachia sura ya Kinshasa ya miaka ya 1950 na 1960, mji ule ukiitwa bado Leopoldville. Alikuwa mtengenezaji wa baiskeli. Mwaka 1950 alinunua kamera ndogo ya Adox kwa ajili ya arusi yake mwenyewe, basi! Miaka minne baadaye Franco, mpiga gitaa mashuhuri, alimtaka awe mpiga picha wake. Jina lile lote lilianza kwa sababu kijana fulani hakutaka arusi yake ipite bila ukumbusho.

Na huko Ufaransa alikuwako Jacques-Henri Lartigue, aliyezaliwa mwaka 1894. Yeye alikuwa mtoto wa tajiri, twakubali. Baba yake alimpa kamera mwaka 1902, akiwa bado mtoto mdogo. Lakini hakwenda kutafuta wafalme. Alipiga kaka yake akijaribu kuruka hewani kwa chombo alichokiunda mwenyewe, binamu yake akiruka kutoka juu ya ngazi, mbwa wa nyumbani, motokari zikishindana barabarani. Picha hizo zilikaa ndani ya albamu za jamaa karibu miaka sitini, mpaka mwaka 1963 jumba kubwa la sanaa za kisasa la New York lilipozionyesha kwa watu wote, mwenyewe akiwa na miaka 69. Sisi tunamhusudu kwa jambo moja tu. Yeye aliandika. Siku kwa siku alitia daftarini hali ya hewa, na yaliyotokea, na nani alikuwapo. Sisi tulibonyeza kitufe, tukaenda kula.

Usiku wa Dominika ile tulifungua mfuko wa kadi za kumbukumbu. Ulikuwa na kadi kumi na moja, wala hata moja haikuandikwa kitu juu yake. Mbili hazikufunguka kabisa. Na hapa tuwaonye wasomaji, hasa vijana wetu wa shule, wanaodhani kwamba picha iliyo ndani ya simu imehifadhiwa. Simu huanguka majini, huibiwa, hufa. Kadi nayo huharibika bila kutoa taarifa. Picha ya karatasi, ikikaa pakavu na mbali na jua, huwazidi umri walioipiga. Iandikwe nyuma, kwa kalamu ya risasi iliyo laini, pembeni, bila kukandamiza, maana kalamu ya wino huchora kovu upande wa uso. Jina, mahali, mwaka. Tena nakala moja ikae nyumba nyingine, kwa shangazi au kwa rafiki wa mbali. Mwenye nyumba moja chini ya mlima huu anajua kwa nini.

Kadi ya saba ilikuwa na ngoma. Ilikuwa Festivali ya Amani, ile iliyoanza mjini kwetu mwaka 2014, watu wakija kwa maelfu kusikiliza muziki na kutazama wachezaji wa kila pembe ya nchi. Kikundi cha vijana wa mtaa wetu kilicheza alasiri. Mtoto yule, aliyekuwa mwanafunzi wetu, alipiga ngoma ndogo. Tulikuwa tumempiga picha kumi na nne, hivyo tulivyokuwa tukijivuna moyoni. Lakini tulipozitazama tuliona ukweli. Tulikuwa tumewalenga wachezaji wa mbele, wale waliofunga njuga miguuni na kuruka juu. Yeye alikuwa nyuma. Katika picha tisa haonekani. Katika nne ni bega. Katika moja uso umetokea kati ya mikono ya watu wawili, lakini ni mweusi kabisa kama kivuli, kwa kuwa wachezaji walivaa nguo nyeupe na jua lilikuwa kali.

Kosa hili twalijua, maana tumelifanya hata siku za Komunyo ya kwanza. Kamera hupima mwanga wa vyote vilivyo mbele yake. Ikiona weupe mwingi hudhani mahali pote pamezidi kung'aa, hivyo hupunguza mwanga, na nyuso zetu ndizo zinazolipa. Yafaa kupima mwanga wa uso, siyo wa gauni, na kumsogeza mtoto penye kivuli cha ukuta. Tuongeze neno ambalo wengi hawalijui: katika siku za filamu, maabara ya Kodak walisawazisha rangi kwa kadi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu. Rangi zikimfaa yeye, zilihesabiwa kuwa sawa kwa watu wote. Ndipo katika miaka ya 1990 zikatokea kadi zenye watu wa rangi mbalimbali. Basi wazazi wetu walioonekana kama makaa katika picha za darasa hawakuwa na kosa, wala mpiga picha hakuwa na kosa peke yake.

Lakini kwa mama huyu maelezo hayo yangekuwa na faida gani? Tuliendelea kutafuta, si kwa tumaini, bali kwa aibu.

Katika kadi ya tisa tulikuta likizo ya mwaka 2019. Watoto wetu wawili wako ufukoni, juu ya mawe meusi, wanapanga vijiwe wajenge nyumba. Picha haina sifa yoyote. Ziwa limelala upande, na kidole chetu kimeingia pembeni. Nyuma yao, mkono wa kuume, amesimama mvulana mwenye shati lililolowa maji, ameshika viatu vidogo vya kike, anacheka kwa kinywa wazi. Ndiye. Tulikuwa tumesahau kabisa kwamba siku ile yeye na dada yake mdogo walitufuata.

Siku ya pili tulipeleka picha zote mbili kwa fundi wa mtaa azitoe katika karatasi. Ni kijana mwenye adabu. Alipoitazama ya ziwani alisema: «Mwalimu, naweza kuwaondoa hawa wadogo, niondoe na mawe, nimweke mbele ya mnara wa Paris.» Ukutani alikuwa na mifano mingi ya namna hiyo, na watu huipenda, hatuwacheki. Tulimwomba aache vyote mahali pake, hata kidole. Alitikisa kichwa kama mtu anayemwona mteja akipoteza fedha.

Mama sasa anakaa katika chumba cha kupanga, mbali na Buhene. Alitupa kiti, mwenyewe akakaa juu ya kitanda. Tulimpa kwanza ya ngoma, tukieleza mambo ya mwanga. Aliitazama, akasema asante, akaiweka juu ya meza. Ndipo tukampa ya pili.

Aliishika muda mrefu. Akamwita binti yake, ambaye sasa ni msichana mkubwa wa sekondari. Yule akainama, akasema: «Viatu vyangu!» kisha akajifunika uso kwa mikono.

Mama akauliza: «Mwalimu, hii ilikuwa siku gani?»

Kamera huandika yenyewe tarehe ndani ya picha, na hiyo tulikuwa tumeinakili: Jumamosi, tarehe 17 Agosti 2019, saa tisa na dakika arobaini. Mama alikaa kimya akihesabu. Halafu akamgeukia binti: «Niliwatuma kinuni kusaga unga. Mlirudi giza limeingia, mkaniambia mashine imeharibika. Na shati lake, alisema alimwagiwa maji na mwenye mashine.» Binti hakujibu. «Nilimchapa,» akasema mama, «kwa sababu ya unga. Kumbe alikuwa ziwani!»

Akacheka. Alicheka mpaka machozi yakatoka, na alipoyafuta hakuacha kucheka, na binti naye akacheka, na sisi hatukujua tuelekeze macho wapi. Maana ilitujia waziwazi kwamba siku ile tuliwachukua watoto wa mwenzetu mpaka majini bila kumwuliza mama yao, mwalimu mzima sisi, nao wakapigwa kwa ajili ya matembezi yetu. Tulimwambia hivyo. Alitupungia mkono, kama kusema jambo hilo limekwisha kulipwa na mwingine.

Kisha akaigeuza picha, akaona nyuma ni nyeupe. «Andikeni,» alisema. Tulitoa kalamu ya risasi. Alitutajia jina la mtoto lote, la ubatizo na la ukoo, polepole, kama anayesomea karani wa manispaa. Halafu jina la binti, ingawa haonekani, kwa sababu viatu ni vyake. Halafu akataka tuandike na majina ya watoto wetu wawili. Tulipomaliza aliuliza kama siku ile tulipiga nyingine.

Tulijibu kwamba zimebaki kadi mbili zisizofunguka, na kwamba yuko fundi anayejua kuzifungua. Tukamtajia siku ya kurudi: Dominika ijayo, baada ya Misa ya pili.