Nshomile wa Hakathoni, Mbona Muleba Hamfiki?

Wadau, kuna staa mmoja wa teknolojia, jina linahifadhiwa, ila kila mji una wa kwake. Likitokea janga tu, kabla hata matanga hayajaanuliwa, yeye ameshapost bango: hakathoni ya kujitolea, saa 48, kuokoa maisha ya Watanzania. Ukumbi ni hoteli, kiyoyozi kinapuliza, tisheti zimechapwa mapema. Jumapili jioni hundi kubwa kama mlango, picha ya pamoja, alama ya reli. Jumatatu programu ina watumiaji watatu: aliyeitengeneza, mchumba wake na jaji.

Eti hiyo ndiyo kazi ya kibinadamu.

Haya, aulizwe: Kagera ilipolia, hizo programu zilikuwa wapi? Maana Kagera imelia kweli. Septemba 10, 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 likaua watu 17 na kubomoa nyumba kibao. Machi 2023 Marburg ikatangazwa Bukoba Vijijini. Wagonjwa 9, sita wakafariki. Januari 2025 ikarudi, safari hii Biharamulo, na Muleba nayo ikatajwa kwenye taarifa za mwanzo za watu waliohisiwa kuugua. Hesabu ilipofungwa walikuwa wagonjwa 10. Wote wamekufa.

Sasa Marburg haina mchezo. Mgonjwa mmoja akipatikana, kila aliyemuuguza, aliyemgusa na aliyeosha maiti anatafutwa na kufuatiliwa siku 21. Ile ya 2023 pekee walifuatiliwa watu zaidi ya 200. Mhudumu wa afya anaambiwa fulani anakaa kitongoji fulani, jirani na mashine ya kukoboa kahawa. Mashine ipi? Unaelewa tatizo lilipo? Kagera nyumba imo ndani ya kibanja, migomba kulia, migomba kushoto. Setilaiti inaona bati na kijani. Kile kinjia cha miguu kinachopita chini ya migomba haikioni, na hakuna bati lililoandikwa jina la kitongoji. Mtu wa London anayejitolea kuchora ramani ya OpenStreetMap anaweza kukaa usiku mzima akachora mapaa ya nusu kata, na Mungu ambariki, ila jina hatalijua hata akeshe wiki.

Anayejua ni bodaboda wa Kamachumu. Ni mwenyekiti wa kitongoji. Ni yule mama anayezunguka kaya kwa kaya akiuliza kama watoto wamepata chanjo. Na kule visiwani, Goziba, Ikuza, Bumbire, ni wavuvi wenyewe, kwa sababu kambi inaweza kuhama ikifuata samaki na ramani ya mwaka jana ikawa hadithi. Tena watu wa Bukoba hawahitaji kuelezwa hili. Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air ilipotumbukia ziwani ikiwa na watu 43, wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 walitoka hai.

Hao ndio staa hawaaliki hotelini. Akiwakumbuka sana, anawatumia kijana mwenye tisheti awaombe wajaze fomu kwa bando lao wenyewe, halafu wanaambiwa asante kwa mchango wenu. MC analipwa. Mwenye ukumbi analipwa. Mpishi analipwa. Kujitolea kumebaki kazi ya mwenye pikipiki isiyo na mafuta.

Na msije kwenye komenti kusema huu ni wivu, hakathoni zinafundisha vijana. Zinafundisha, nani kakataa? Tatizo si kukaa pamoja na kuandika programu. Januari 2008 Kenya ikiwaka moto baada ya uchaguzi, wanablogu na waandika programu wa kule waliunda Ushahidi ndani ya siku chache, watu wakaripoti vurugu kwa meseji na mtandao, zikaonekana kwenye ramani. Wakaiachia huria. Miaka miwili baadaye ikatumika kwenye tetemeko la Haiti. Na si lazima kwenda mbali: jirani tu hapo Mara, watu wa Crowd2Map, mradi ulioanza 2015, wamekuwa wakiweka vijiji kwenye ramani ili msichana anayekimbia ukeketaji aweze kufikiwa. Wa mbali wanachora mapaa, wa kijijini wanatembea na simu wanaandika majina. Kazi imegawanywa kwa akili.

Staa wetu yeye anasema programu yake ni huria, halafu imelala kwenye laptop yake. Huria maana yake iwekwe GitHub na leseni yake, iandikiwe maelekezo, kijana wa Bukoba mwenye kompyuta ya mkopo aifungue, aone ilipoharibika, airekebishe bila kumpigia mtu magoti. Ikifungiwa na nywila ya mtu mmoja, hiyo ni mali yake binafsi, aache kuibatiza majina ya misiba ya watu.

Hakathoni ijayo ipelekwe Muleba. Darasa la shule linatosha, jenereta ikodiwe kama umeme unasumbua. Pesa ya tisheti igeuzwe mafuta ya pikipiki na bando, bodaboda walipwe kwa siku kama mafundi wanavyolipwa. Waandike majina ya vitongoji, zahanati, visima, mialo na njia za miguu. Nyumba za wagonjwa wasiziguse, unyanyapaa wa Marburg unatosha ulivyo. Baada ya miezi sita warudi, waone nini kimebadilika na nini kimekufa.

Kama staa anaogopa tope la Muleba, basi aje Novemba. Senene watakuwepo, hata akishindwa kazi atakula.