Mzee Amepona, Miguu Je?

Karatasi ya hospitali inasema amepona. Homa imeshuka, kikohozi kimekatika, dripu imetolewa. Wanawe wanamshusha kwenye bodaboda pale barabara inapokwisha, wanamshika makwapa na kumpandisha kilima hadi nyumbani. Majirani wanakuja kumwona. Usiku anaamka kwenda chooni, anachuchumaa juu ya shimo, na hapo ndipo anapogundua kwamba hawezi kuinuka tena.

Kisa hiki si cha mtu mmoja. Zunguka vilima vya Bwera, panda Ihandiro, teremka hadi tambarare za Kasese, hapa magharibi mwa Uganda, utakikuta katika nyumba yenye mzee aliyelazwa wiki mbili kwa nimonia, malaria kali au kiharusi. Ugonjwa umeondoka na nyama za mapaja. Suruali ya kanisani sasa inafungwa kwa kamba. Mzee aliyekuwa akipalilia kahawa yake mwenyewe anakaa barazani tangu asubuhi mpaka jioni, na hakuna aliyemwambia kwa nini.

Kijiji kina majibu yake. Wengine husema ni uzee tu. Wengine wananong'ona silimu, yaani UKIMWI. Wachache, wakishaangalia huku na huku, watakuambia kuna mtu amemfanyia kitu. Sisi tunasema mshukiwa wa kwanza hajatajwa bado, naye ni kitanda.

Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila muuguzi wa wodi angepaswa kulijua. Waliwachukua wazee 12 wenye afya njema, wastani wa umri wao miaka 67, wakawaomba walale kitandani siku 10. Hawakuwa na homa wala kidonda, na chakula kilikuwa na protini ya kiwango kilichopendekezwa kwa mtu mzima. Siku 10 zilipokwisha, miguu ya kila mmoja ilikuwa imepoteza, kwa wastani, karibu kilo 1 ya nyama, na nguvu ya kunyoosha goti imeshuka kwa karibu asilimia 16. Hao walikuwa wazima!

Ongeza ugonjwa sasa. Mwili unaopigana na maambukizi hubomoa misuli yake ili upate malighafi ya kutengenezea kinga, kama mtu anayeng'oa mbao za nyumba yake ili apate kuni. Huko London, wagonjwa mahututi waliopimwa paja kwa altrasaundi, katika utafiti uliotoka mwaka 2013, walionekana wamepoteza karibu asilimia 18 ya eneo la mkato wa msuli ndani ya siku 10. Kijana akitoka hapo, akala sahani mbili na kurudi uwanjani, nyama inarudi. Mzee hana bahati hiyo. Misuli yake ilianza kupungua polepole tangu alipovuka miaka 30, na baada ya 60 mteremko umekuwa mkali. Isitoshe, mwili wake umekuwa mzito wa kusikia: chakula kilichomjenga akiwa na miaka 25 sasa kinamjenga nusunusu. Kwa hiyo anaporuhusiwa kwenda nyumbani, deni alilonalo ni kubwa na kipato chake cha kulilipa ni kidogo.

Madaktari wanaiita sakopenia, jina lililotungwa na Mmarekani Irwin Rosenberg mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa maneno ya Kigiriki. Maana yake ni umaskini wa nyama. Mama anayeuza dagaa soko la Mpondwe angeelewa bila kufungua kamusi.

Lakini kwetu kukonda hakujawahi kuwa kukonda tu. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda na wenzao waliandika katika jarida la Lancet juu ya ugonjwa mpya uliokuwa ukiua watu Rakai, ambao wananchi walikuwa wameshaupa jina: Slim. Miaka 40 imepita, dawa zipo, watu wanaishi na virusi mpaka wanapata wajukuu, lakini neno silimu halijatoka midomoni. Mzee aliyerudi kutoka hospitali na mashavu yaliyobonyea anajua anavyotazamwa. Basi haendi kanisani, haendi msikitini, haendi sokoni. Anajifungia ndani, anarudi kulala, na kitanda kinaendelea kula.

Familia nazo zina sehemu yao, na tutalisema hili hata kama litaudhi. Heshima yetu kwa wazee inawalemaza. Binti anamnyang'anya baba jembe. Mkwe anampelekea maji ya kuoga chumbani. Mjukuu anatumwa kuchukua hata fimbo iliyo hatua tano kutoka kitini. "Mzee, pumzika, sisi tupo." Tunajua sababu: mzee akionekana amebeba jerikeni huku ana wana watatu wazima, wanaosemwa ni wana. Lakini aliyelala wiki mbili hospitali amekwisha kupumzika kupita kiasi. Anachohitaji ni mtu wa kusimama karibu asianguke huku yeye mwenyewe anainuka, anakwenda, anarudi.

Kisha chakula. Mgonjwa hapa hupewa uji mwepesi, chai ya rangi, na akianza kupata hamu, bundu, ugali wa muhogo, na mchuzi. Yai huenda kwa mtoto. Kipande cha samaki kikubwa huenda kwa mgeni. Muhogo hatuutukani, umetulea. Ila unga wa muhogo una protini kidogo sana, na misuli haijengwi kwa wanga. Wataalamu wa lishe ya wazee wanashauri anayetoka katika ugonjwa apate gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, isipokuwa mwenye ugonjwa mkubwa wa figo, ambaye aongee na daktari wake kwanza. Mzee wa kilo 50 anahitaji basi gramu 60 hadi 75. Mayai mawili ni kama 12. Nusu lita ya maziwa, na ng'ombe wa Wasongora hawako mbali, ni kama 16. Bakuli la maharage yaliyopikwa ni 15 hivi, na konzi nzuri ya mukene, yaani dagaa, mkavu inakaribia hapo. Jumla inakaribia 60, na hakuna kitu hapo kilichopanda ndege. Samaki wakubwa wanavuliwa Katwe na Kayanzi. Tatizo ni mgawanyo wa sahani, na mara nyingine meno: mzee asiye na magego huacha maharage akisema ameshiba, na hakuna anayemwangalia kinywani.

Chakula bila kazi nacho hakitoshi. Mwaka 1990 huko Boston wazee 10 dhaifu wa nyumba ya kutunzia wazee, umri wao karibu miaka 90, walinyanyulishwa uzito kwa miguu, mara tatu kwa wiki, wiki 8. Nguvu za mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Kwa hiyo anayesema misuli ya mzee hairudi, aende akabishane na hao.

Na Wakonzo wa huku kwetu wana mashine ambayo Boston haina. Ni mlima. Kila aliyekulia kwenye miteremko ya Rwenzori anajua kwamba kupanda kunachosha pumzi, lakini kushuka ndiko kunakotetemesha mapaja. Msuli wa paja unaposhikilia mwili usiporomoke, huku wenyewe unarefuka, huweza kuhimili nguvu kubwa kuliko unapofupika, na kazi hiyo huujenga vizuri. Ndiyo maana bibi wa miaka 70 anashuka na mkungu wa ndizi kichwani bila kushika kitu. Na ndiyo maana wiki tatu za kulala zinamfunga kabisa: anaweza kusukumwa kupanda, kushuka hawezi. Mlima uliokuwa ukimjenga unamfungia nyumbani.

Hatusemi aanze na mlima. Aanze na benchi. Akae, ainuke bila kushika kwa mikono, akae tena. Mara tano asubuhi, mara tano jioni, kisha kumi. Asimame ameshika mhimili wa nyumba na kuinua visigino. Wiki ya pili atembee mpaka kwa jirani, wiki ya nne ashuke hatua ishirini na kurudi. Mjukuu aende naye, mikono ikiwa tayari, midomo ikiwa imefungwa.

Benchi hilo hilo ni kipimo. Wataalamu wa Ulaya, katika mwongozo wao wa mwaka 2019, wanasema mtu anayechukua zaidi ya sekunde 15 kuinuka kitini mara tano, mikono imekunjwa kifuani, nguvu zake zina walakini. Hakuna damu inayotolewa. Hakuna mashine. Hata umeme ukikatika kipimo kinaendelea.

Tutaambiwa wauguzi wamezidiwa. Wamezidiwa kweli. Lakini Bwera si mahali pa kuambiwa haiwezi kupima watu. Ebola ilipokuwa ikiwaka Kivu Kaskazini, maelfu waliokuwa wakivuka mpaka wa Mpondwe kutoka Kongo walioshwa mikono na kupimwa joto siku baada ya siku, siku ya soko na isiyo ya soko. Juni 2019 ugonjwa ulipovuka na familia moja, mtoto wa miaka 5 alithibitishwa kuwa nao na akafia katika kituo cha matibabu cha Bwera, na bibi yake akafuata. Lakini haukusambaa upande wetu. Agosti mwaka huohuo mtoto mwingine, msichana wa miaka 9, aligunduliwa palepale mpakani kwa sababu kulikuwa na mtu amesimama na kipimajoto. Wafanyakazi wa afya walioweza kumpima kila mchuuzi wa Kongo aliyebeba kuku wanaweza kumpima mzee mmoja anayetoka wodini.

Tunachotaka ni hiki. Mgonjwa yeyote aliyevuka miaka 60, aliyelala wodini zaidi ya siku tano, asiruhusiwe kabla ya kuinuka kitini mbele ya muuguzi. Sekunde ziandikwe kwenye karatasi yake, karibu na jina la dawa. Chini yake kuandikwe aina ya mazoezi na chakula, kwa lugha anayosoma mtoto wake. Na mtu wa VHT, timu ya afya ya kijiji chake, apite baada ya wiki mbili na tena baada ya wiki sita, ahesabu upya. Wakiwa bado wodini, wazee wanaoweza kukaa wakalishwe, wanaoweza kusimama wasimamishwe. Mlo wa mchana si lazima uliwe umelala.

Kuna onyo hapa, nalo si dogo. Kitanda ni mshukiwa wa kwanza, si wa pekee. Mzee akila vizuri na kufanya mazoezi mwezi mzima na bado anazidi kukonda, arudishwe hospitali bila kusubiri. Apimwe kifua kikuu. Apimwe virusi vya UKIMWI waziwazi, kama anavyopimwa mwanawe, maana kumruka mzee katika kipimo hicho kwa kumwonea aibu ni kumnyima dawa. Apimwe sukari. Saratani ichunguzwe. Na aulizwe anameza nini. Vidonge vya steroidi kama prednizoloni na deksamethazoni, ambavyo wengine huvinunua dukani kwa ajili ya viungo kuuma, humpa mtu nafuu ya haraka na hamu ya kula, kisha vikitumiwa kwa muda mrefu hula misuli ya mapaja na nyonga. Asiviache ghafla kwa kutusoma sisi. Hilo nalo ni hatari. Avipeleke kwa daktari akaonyeshe.

Limebaki suala la fedha. Ruzuku ya wazee, ile tunayoiita SAGE, ilipoenezwa nchi nzima katika mwaka wa fedha 2020/21 mlango wake uliwekwa kwenye miaka 80, na malipo shilingi 25,000 kwa mwezi. Hiyo ilikuwa kama shilingi 833 kwa siku, yai moja na chenji. Mzee anayepoteza miguu akiwa na miaka 68 angepaswa kuusubiri mlango huo miaka 12. Tungependa kumsikia mbunge yeyote wa Kasese akieleza bungeni mzee huyo asubiri akiwa amekaa wapi.

Afisa wa afya wa wilaya, kwa upande wake, hana haja ya kungoja bajeti. Mstari wa ziada kwenye karatasi ya kuruhusiwa unaandikwa kwa kalamu.